Maiti Haipiti Hapa

Goronwy wa shamba la Tyddyn Erfin alikuwa na mke mmoja, mbwa wawili na lango moja la chuma, na kati yao wote aliyependwa zaidi alikuwa lango. Kila mwaka baridi ikianza kupungua alilipaka rangi ya kijani, akarudia, akasimama mbali kidogo kulitazama. Mke wake, Nesta, aliliona lango likizidi kupendeza huku yeye akivaa koti lile lile la siku za uchumba, akanyamaza. Nesta alikuwa hodari wa kunyamaza. Alinyamaza kama mtu anayeweka akiba.

Nyuma ya lango ilianza njia ya kwenda ngomeni. Ngome yenyewe ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo hata kondoo hufika akiwa amenuna: mnara mmoja uliopasuka kama jino bovu, ukuta mmoja uliolala kifudifudi majanini, na kunguru wanaojiona ndio wenyeji. Ilijengwa zamani za wakuu wa Wales, na mkuu mmoja aliyemwogopa kaka yake. Kaka akaja, akamtoboa macho, akahamia yeye. Watu wa bonde la Erfin wakisimuliwa habari hiyo hawashtuki. Huuliza tu ugomvi ulikuwa wa malisho gani.

Zamani kila mtu alipanda. Watoto wa kanisa la Bethania walipandishwa kila kiangazi wakale mkate wa zabibu kavu kwenye upepo, vijana walipanda kutongozana, na wazee walipanda kuhakikisha hawatongozani kupita kiasi. Halafu baba yake Goronwy akafa. Nyumba, mlima, na ngome iliyokaa juu ya mlima kama kofia, vyote vikaenda kwa Goronwy, kitinda mimba, kwa kuwa ndiye aliyevaa suruali. Dada zake nao walikumbukwa: Tegwen alipata saa ya ukutani, Eluned akapata birika la chai. Saa ilikuwa imekufa kabla ya baba. Wiki ile ile Goronwy akalifunga lango kwa mnyororo, juu ya mnyororo akaongeza kamba ya kufungia majani ya ng'ombe, na juu ya kamba akaning'iniza ubao: HAKUNA NJIA.

Watu wa serikali wanaotunza magofu walikuja mara moja. Wakanyeshewa, wakapiga picha ya ubao, wakaondoka.

Basi Eluned akafa, katikati ya baridi kali, bila kumsumbua mtu. Aliacha ombi moja tu: achomwe, na majivu yake yawekwe ngomeni, kwenye meko ya zamani chini ya mnara, pale alipokuwa akijificha utotoni baba yao akimtafuta aende kukamua. "Mniweke pale pale," alimwambia Tegwen, "nimwone Goronwy kila anapotoka chooni." Tegwen akaahidi. Kumwahidi Eluned kitu kulikuwa jambo la kuogopesha akiwa hai, sembuse sasa ambapo hapatikani kubembelezwa.

Kilichozuia ni imani moja ya bonde lile, kongwe kuliko kanisa lenyewe. Maiti ikipita katika shamba la mtu, na mwenye shamba ndiye aliyeifungulia kwa mkono wake, basi pale ilipopita pamekuwa njia ya watu wote, na hapafungwi tena mpaka parapanda ilie. Mahakama haikuitambua sheria hiyo, na mawakili wa mjini waliicheka. Lakini babu yake Goronwy, jirani alipofia ng'ambo ya malisho yake, aliwasimamisha wabeba jeneza kwa bunduki ya kupigia ndege, wakazunguka kupitia mtoni, maji kifuani, huku wakiimba tenzi kwa hasira. Ndivyo ukoo ule ulivyolea watoto wake. Goronwy hakuamini mengi. Hakuamini madaktari, hakuamini utabiri wa hali ya hewa, na kuhusu ufufuo alisema atangoja aone. Lakini hilo la maiti aliliamini kama alivyoamini mvua.

Ndiyo maana kwenye chai ya mazishi, ukumbi wa Bethania umejaa hadi mlangoni, alisimama na kipande cha keki mkononi akasema mbele ya mashemasi:

"Nimesikia mipango ya wanawake. Haipiti. Mzima, jivu, hata kijiko kimoja chake, hakipiti langoni kwangu."

Akamalizia keki yake. Akachukua nyingine.

Tangu siku hiyo Eluned alikaa kwa Tegwen, ndani ya mfuko mzito wa plastiki aliotokea nao kwenye tanuri, kabatini kando ya ile saa mfu. Kila asubuhi Tegwen akichemsha chai alihisi anatazamwa kisogoni.

Na ndiyo maana, asubuhi moja ya masika, mawingu yakiwa bado yanashauriana, Tegwen alikuwa jikoni kwa Goronwy amepiga goti. Goti moja tu, maana lingine lilikataa kukunjika siku nyingi. Mbele yake palikuwa na ndoo ndogo iliyowahi kuwa ya rangi ya kijani. Siku hizi Goronwy aliitumia kuwekea misumari ya U, ile ya kugongomelea seng'enge kwenye nguzo. Nesta alikuwa ameimwaga misumari kwenye kikapu cha vibanio vya nguo. Ndoo ilikuwa tupu, na Eluned alikuwa anaingia.

"Unamkandamiza, wifi," alisema Nesta.

"Alinikandamiza mimi kitanda kimoja mpaka nikaolewa. Sukuma."

"Tumbo lake halijakaa."

"Halikuwahi kukaa. Sukuma."

Walipomweka sawa, Nesta alichota misumari kwa mkono akaitandaza juu yake, konzi baada ya konzi, mpaka mfuko haukuonekana. Akafunika. Akaitikisa ndoo. Ikalia kama ndoo yoyote ya misumari.

"Mingi ya kumridhisha," alisema Tegwen, "michache ya kumwishia akishafika. Anapanda kweli leo?"

"Hakulala." Nesta alijifuta mikono kwenye aproni. Jana yake, chakulani, alikuwa amemdondoshea mumewe habari kama mtu anayedondosha chumvi: akina mama wa Bethania wanapanda ngomeni Jumamosi kwa nguvu, na wana mkasi wa kukatia chuma. Hapakuwa na akina mama wala mkasi. "Amepakia nguzo tangu alfajiri. Anasema lango peke yake halitoshi, ataziba mlango wa ngome yenyewe."

"Na wewe, wifi, akijua?"

Nesta aliisogeza ndoo karibu na mlango. "Yeye haendi kanisani. Ninayekaa pale kila Jumapili na macho ya bonde zima shingoni ni mimi. Wananiuliza habari za lango kama wanaouliza habari za mgonjwa." Alishusha sauti. "Ajue. Nitakuwa nimevaa kofia yangu nzuri."

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Goronwy aliingia na gambuti zenye tope, mtu mfupi mpana, uso mwekundu kama aliyepigwa na upepo tumboni mwa mama yake. Alimwona dada yake.

"Hiki kinafanya nini jikoni kwangu?"

"Nimekuja kumsalimia wifi yangu."

"Msalimie barabarani. Barabara ni ya serikali."

"Nilikubadilisha nepi, Goronwy. Usinipandishie sauti, najua ulikotoka."

"Umekuja na yule." Aliunyooshea kidole mkoba wake. "Umemleta. Nakujua. Fungua."

Tegwen akauweka mkoba mezani. Goronwy alikagua kitambaa, pipi za mnanaa, tenzi, miwani, miwani ya akiba ya ile miwani. Hakuridhika. Akapapasa mifuko ya koti lake, kulia na kushoto, ndani na nje.

"Endelea tu," alisema Tegwen. "Tangu Elfed wangu afariki hakuna mwanamume aliyejishughulisha nami hivi."

Goronwy akaondoa mikono kama aliyeshika jiko. Nesta aligeukia sinki, mabega yakimtikisika kidogo.

"Nataka kuiona ngome," alisema Tegwen. "Mara moja. Mikono mitupu. Umekwisha nikagua mpaka aibu zangu."

Goronwy alimtazama. Wazo likapanda usoni mwake taratibu, na lilipofika juu akatabasamu, jambo ambalo halikumpendeza.

"Vizuri. Panda. Nataka ukaone kwa macho yako ninavyoiziba, urudi ukawatangazie hao mama zako wa mkasi. Utakuwa mtu wa mwisho kuingia mle, na utatoka huku unalia."

"Sina hakika ya kulia. Macho yangu ni makavu siku hizi, daktari amenipa dawa."

Uani pikipiki yake ya magurudumu manne ilikuwa inanguruma, nyuma yake tela lenye nguzo, bunda la seng'enge, na kondoo dume mwenye kwato mbovu aliyekuwa anapelekwa juu kubadilisha hewa. Goronwy alitoka na ndoo. Mot, mbwa mkubwa mweusi na mweupe, akanyanyuka. Eluned alikuwa na desturi ya kumtupia mbwa huyu biskuti kupitia dirisha la gari kila alipopita barabarani, kusudi tu amharibie kazi ya ulinzi. Mot aliinusa ndoo. Akainusa tena. Akaketi mbele yake, mkia ukifagia uwanja, akatoa sauti nyembamba ya kubembeleza.

Goronwy akasimama. "Huyu ana nini?"

Tegwen aliitupia ndoo jicho. Akajikaza.

"Ndiye pekee kwako anayefurahia kazi," alisema. "Mwache."

Goronwy akamsukuma mbwa kwa gambuti. Aliinua kifuniko, akachungulia, akaona misumari, akafunika. Halafu akamnyooshea Tegwen ile ndoo. "Panda nyuma, na ushike hii isimwagike."

Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Tegwen akiishika, atakuwa ameibeba yeye, na yule aliyepitishwa kwa kuibwa hahesabiwi. Babu yao alilisema hilo mara nyingi, bunduki magotini. Mikono yake ilitaka kumpokea Eluned. Akaiingiza mifukoni.

"Mimi si kibarua wako. Baba alikupa mlima, beba na misumari yake."

"Mvivu tangu kuzaliwa."

"Na wewe mchoyo tangu tumboni. Mama alisema ulikuwa unapiga teke ukitaka nafasi zaidi, na ulikuwa peke yako mle."

Goronwy akaitundika ndoo kwenye usukani, mbele ya tumbo lake. Tegwen akajipandisha kwenye tela, akaketi kwenye bunda la seng'enge uso kwa uso na kondoo. Kondoo alimtazama kwa chuki. Alifanana kidogo na Goronwy, ila ndevu zake zilichanwa.

Kufika langoni, Goronwy alishuka, akafungua kamba, akafungua mnyororo, akalisukuma lango kwa kiganja chake mwenyewe. Tegwen alitazama kila kitu, mpaka kidole. Kule nyuma Nesta akapaza sauti kutoka uani: "Endeni tu! Nitafunga mimi!"

Hakufunga.

Njia ilikuwa mawe na maji. Goronwy hakukwepa shimo hata moja, mengine aliyafuata. Tegwen alishika pembe ya kondoo kwa mkono mmoja na ukingo wa tela kwa mwingine, meno yakimgongana, lakini macho hayakuiacha ndoo ikibembea juu ya magoti ya kaka yake. Kwenye kila tuta ilimgonga tumboni. Eluned angefurahi, aliwaza. Alitamani kufanya hivyo maisha yake yote.

Walitokeza juu na upepo ukawapiga makofi. Tegwen akashuka, akasimama.

Hakuwa ameiona kwa karibu tangu baba yao azikwe. Kutoka nyumbani kwake ilionekana kama meno ya ng'ombe kwenye ukingo wa mlima. Hapa ilikuwa kubwa na imechoka. Mlango wa mawe ulikuwa bado umesimama, umepinda upande kama mtu mwenye kiuno kibovu. Ngazi za mnara zilizunguka zikapanda zikaishia hewani, kwa yeyote anayetaka kwenda mahali pasipokuwepo. Na chini, ndani, meko: pango jeusi linalotosha watoto wawili kama wamepatana, na mmoja kama ni Eluned. Kondoo walikuwa wamelifanya choo.

"Umekwisha tazama?" Goronwy alikuwa amechimba shimo la nguzo ya kwanza penye mlango. Alichimba kwa chuki nzuri, ile inayofanya kazi haraka. "Tazama sana. Nguzo hapa, nguzo pale, seng'enge katikati. Mwaka ujao naongeza ya miiba."

"Mkuu wa kwanza alifanya hivyo hivyo. Kaka yake akapitia dirishani."

"Mimi sina kaka."

"Ni kweli. Baba alibahatika mara moja tu."

Aliipigilia nguzo kwa nyundo kubwa, akaipigilia na ya pili. Akafungua bunda, akavuta seng'enge. Halafu akaishusha ndoo kutoka kwenye usukani, akapita nayo mlangoni, akaiweka chini upande wa ndani wa ngome. Tegwen aliketi kwenye ukuta ulioanguka, akapumua kwa mara ya kwanza tangu jikoni.

Goronwy alichota misumari akaijaza mdomoni, kama wanavyofanya wajenzi wote wa uzio kule, akawa anaitema mmoja mmoja kwenye vidole na kuigonga. Tegwen alitazama ile misumari iliyokuwa imelala juu ya tumbo la Eluned ikitoka kwenye midomo ya Goronwy. Ilimbidi afunge macho asije akacheka mapema.

"Unalia?" aliuliza Goronwy, mdomo umejaa chuma.

"Bado kidogo."

Waya wa chini ukaisha. Akainama, akachota tena. Waya wa katikati ukafika nusu. Akainama bila kutazama, mkono ukaingia ndani ya ndoo, ukapapasa, ukakuta kitu laini.

Akaganda vile vile ameinama. Akapapasa tena. Akachungulia.

"Nini hii?"

"Msalimie dada yako," alisema Tegwen.

Misumari ya mwisho ilimtoka Goronwy mdomoni yote kwa pamoja, ikapotelea kwenye nyufa za mawe ikilia kama sadaka ya mtu mchoyo. Uso wake mwekundu ulipauka, ukarudi mwekundu zaidi.

"Umeniibia! Umempitisha kwa wizi! Wa wizi hahesabiwi!"

"Kweli kabisa. Na nani kafungua kamba? Nani kafungua mnyororo? Nilikukodolea macho, Goronwy, ulilisukuma kwa kiganja cha kulia. Nani alikuwa na ndoo tumboni? Uliniambia niishike, nikakataa. Wewe mwenyewe ukaniita mvivu."

"Sikujua!"

"Babu hakusema mwenye shamba ajue. Alisema afungue."

Goronwy aliipiga teke nguzo yake mpya, kunguru wakimpigia kelele. Akageuka.

"Majivu si maiti!"

"Rudia, kunguru hawakusikia vizuri. Ulisimama Bethania na keki mkononi. Mzima, jivu, hata kijiko kimoja, ulisema, na mashemasi wanatafuna. Kama jivu si maiti, basi ulimzuia bure baridi yote ile, akakaa kabatini kwangu akinitazama nikinywa chai. Na kama ni maiti, umempitisha. Chagua. Mimi sina haraka, goti langu limeshalala."

Goronwy akainyakua ndoo, akaikumbatia, akaruka ule waya wa katikati uliolegea, akaelekea kwenye pikipiki.

"Haya, mrudishe," alisema Tegwen. "Kwa njia ipi?"

Akaendelea hatua chache. Akapunguza. Akasimama.

"Ukirudi tulipopita, umempitisha mara mbili, basi njia imekuwa ya kwenda na kurudi. Ukikatisha malisho ya chini, hiyo ni njia nyingine, katikati ya kondoo wako wanaozaa. Ukizunguka kinamasini, ya tatu, na huko mabasi ya mjini yataweza kuegesha." Tegwen alifungua mkoba, akachukua pipi ya mnanaa. "Baba alikupa mlima wote, kaka. Hakukuachia hata pembe moja isiyo yako ya kumtolea huyu."

Goronwy aligeuka kulia. Huko kulikuwa shamba lake. Akageuka kushoto. Shamba lake. Mbele, mpaka macho yanapochoka, kila ukuta wa mawe na kila kondoo mchafu vilikuwa vyake. Mvua ilimaliza kushauriana, ikashuka. Alisimama pale juu ya mlima wake na ndoo kifuani kama baba wa mtoto anayebatizwa, haendi mbele, harudi nyuma, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia mpaka juu ya kifuniko.

Tegwen aliifyonza pipi yake na kumtazama. Ilikuwa pipi tamu sana.

"Shika," alisema Goronwy hatimaye.

"Mikono inaniuma."

"Tegwen. Mshike."

"Kwenye mazishi wabebaji walipungua, ukasema mgongo unauma. Mzee Idwal mwenye pumu ndiye aliyechukua nafasi yako. Unauma bado?"

"Bado."

"Vizuri. Meko iko pale."

Goronwy alimtolea neno ambalo halimo katika tenzi. Kisha akaruka tena ule waya, akaingia. Alisimama mbele ya pango jeusi. Alifagia kinyesi cha kondoo kwa gambuti, kwanza kwa hasira, halafu kwa uangalifu, mpaka pembeni. Akaweka ndoo.

"Siyo na ndoo," alisema Tegwen nyuma yake. "Hakuomba kukaa ndani ya rangi ya lango lako."

"Mnafiki mkubwa wewe, nani alimtia humu?"

"Mimi. Sasa wewe mtoe."

Alimtoa. Alifungua mfuko kwa kisu chake cha kwato, akammimina ndani kabisa, kwenye kona ambako mvua haifiki, polepole, maana upepo ulikuwa unachungulia. Msumari mmoja uliokuwa umejipenyeza ulianguka pamoja naye. Goronwy alinyoosha mkono kuutoa, akasita, akauacha. Halafu akaondoka bila kusema. Tegwen alimsikia akihangaika nje, akitukana jiwe. Alirudi amelikumbatia bapa jeusi lenye upana wa meza, mishipa ya shingo imemsimama, akaliegemeza mbele ya ile kona, akaligonga kwa kisigino mpaka likakaa.

"Mbweha wasije wakanichafulia ngome yangu," alisema.

"Bila shaka," alisema Tegwen.

Walisimama. Hapakuwa na sala. Goronwy alikuwa anatweta, na Tegwen alikuwa anafikiri kwamba Eluned, akiwa pale, angesema kitu kibaya sana ambacho wangekirudia Krismasi.

Sauti ya viatu ikasikika kwenye mawe. Nesta alitokeza mlangoni, kofia yake ya Jumapili kichwani imelowa na kulala kama ndege aliyekufa, chupa ya chai kwapani. Aliutazama ule waya mmoja na nusu, akauinamisha kwa mkono, akapita juu yake kwa heshima zote.

Goronwy alimtazama mkewe, akaitazama ndoo tupu, akakumbuka kile kikapu cha vibanio vya nguo kilichokuwa jikoni. Akaelewa yote kwa mpigo.

"Umepitaje langoni?"

"Lilikuwa wazi."

"Ulisema utafunga!"

"Nimeliacha kama nilivyolikuta. Si ndivyo unavyowafundisha watu? Umeandika mpaka kwenye ubao mwingine kule zizini."

"Umeshirikiana na hiki kikongwe. Mke wangu. Nyumbani mwangu."

"Nimepita tu, Goronwy," alisema Nesta. "Kuna njia."

 Goronwy aliokota nyundo. Akaugeukia waya wake, akautafutia msumari, na hapakuwa na msumari. Iliyobaki ilikuwa chini, kwenye kikapu, pamoja na vibanio vya nguo. Akaitupa nyundo majanini. Alipogeuka kwenda kwenye pikipiki alimkuta Nesta amekwisha kuikalia, ufunguo mkononi, sketi ya Jumapili imekunjwa vizuri magotini.

"Wifi ana goti," alisema Nesta. "Wewe una mgongo tu."

Basi Goronwy akashuka kwa miguu, mvuani, kondoo dume akimfuata nyuma kwa hiari yake. Nesta akamimina chai katika vikombe viwili. Hakuwa ameleta cha tatu. Wanawake wale waliketi ndani ya mlango wa ngome, mbali na mvua, wakamtazama akizidi kuwa mdogo mpaka akafika langoni.

Pale alisimama muda mrefu. Alilishika lango, akalivuta, likafika katikati. Akaliacha. Akalishika tena. Tegwen aliacha kunywa. Mwisho Goronwy akalirudisha lilipokuwa, wazi kabisa, akalipiga teke moja lililosikika mpaka mlimani, akaung'oa ule ubao na kuutia kwapani kama picha ya marehemu. Kisha akageuka kuelekea ngomeni, akainua ngumi, akapiga makelele kwa pumzi zake zote. Upepo uliyachukua maneno, ukayapeleka kwa majirani.

"Anasema nini?" aliuliza Nesta.

Tegwen alikipuliza kikombe chake.

"Anasema karibuni tena."